Makumbusho ya Reli na Majina Yasiyoandikwa

Jumba la makumbusho ni mfano wa kitabu. Kurasa zake ni vyumba, maneno yake ni vitu vilivyopangwa, na mwandishi wake ni yule aliyechagua kipi kiwekwe mbele, kipi kiwekwe nyuma, na kipi kisiwekwe kabisa. Kwa sababu hiyo, mtu aingiaye katika jumba la namna hiyo hana budi kulisoma kama asomavyo hadithi au utenzi: kwa heshima, kwa makini, na kwa ujasiri wa kuuliza. Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika insha hii nakusudia kuufungua mlango wa Makumbusho ya Reli ya Nairobi, kusifu kinachostahili sifa, na kupima ile hadithi ya reli ambayo wengi wetu huingia nayo mlangoni tukaitoka nayo vile vile.

Tulifika huko, mimi na wanafunzi wangu, kwa safari ya basi kutoka Mombasa. Tulichagua barabara kwa kusudi. Barabara kuu ya kwenda bara huandamana na njia ya zamani ya reli kwa sehemu kubwa, na msafiri wa barabara ana uhuru wa kusimama atakapo, jambo ambalo abiria wa gari la moshi hana. Tulipokwisha kupita Mazeras na Mariakani tuliingia nyika ya Taru, nchi kame ya miiba, ambayo wajenzi wa reli waliivuka huku maji yao ya kunywa yakiletwa kwa gari kutoka nyuma. Mara kwa mara tuliiona reli nyembamba ya zamani, ambayo upana wake ni meta moja tu. Na mahali pengine, juu ya madaraja marefu, ilipita reli mpya ya kipimo kipana iliyofunguliwa mwaka 2017.

Tulisimama Tsavo, tukautazama mto. Makindu tulipumzika katika hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, ambako kila msafiri, awe wa dini yo yote, hupewa chakula bila ya kudaiwa malipo. Mbele yake tulipita mji wa Sultan Hamud, ambao jina lake ni la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Kisha tukapita Kima, tukafika Nairobi jua likiwa bado juu. Nayataja mahali haya sasa, kwani nitayarudia. Nilikuja kufahamu baadaye kuwa makumbusho yetu yalianza njiani, saa nyingi kabla hatujafika mlangoni.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1971, katika siku ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Ndani yake mna vitu vidogo vya kazi na vya starehe: taa za ishara, mitambo ya simu, vyombo vya mezani vya abiria wa daraja la kwanza, na picha za zamani. Nje, juu ya vipande vya reli, zimesimama injini za mvuke ambazo zamani zilitikisa nchi. Mgeni asiyejua lo lote juu ya mashine hataweza kuzipita bila ya kustaajabu.

Kubwa kupita zote ni injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai kwa jina la mlima ulioko kaskazini ya Tanzania. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer, Peacock katika mwaka 1955 na 1956. Uzito wake ni karibu tani 250, na urefu wake ni zaidi ya futi 100. Hapakuwa na injini za mvuke katika reli ya meta moja, duniani kote, zilizozishinda hizi kwa nguvu. Umbo lake lina akili ya kufundisha. Reli yetu ilikuwa nyembamba, yenye kona nyingi, nayo hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya futi 5,000 Nairobi. Injini nzito ya kawaida ingaliiponda reli au ingaliacha njia katika kona. Mafundi wakatoa dawa: boila ikawekwa katikati, na mbele na nyuma yake yakawekwa magari mawili ya magurudumu, kila moja na silinda zake. Hivyo uzito ulitawanywa juu ya magurudumu mengi, na mwili mrefu ukaweza kujikunja. Mwanafunzi wa fizikia atajifunza mengi hapo kwa nusu saa, na kwa jambo hili makumbusho yanastahili shukrani. Chuma kingi cha namna hii, katika nchi nyingi, kiliyeyushwa kikauzwa kwa uzani.

Sasa na tuyatazame majina. Injini za daraja la 59 zilipewa majina ya milima. Lakini zile ndogo kuliko hizo, za miaka hiyo hiyo ya 1950, zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Iko moja iitwayo Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Na iko nyingine iitwayo Masai of Kenya. Pengine aliyetoa majina hayo alikusudia heshima, wala sipendi kumhukumu mtu kwa nia nisiyoiona. Hata hivyo, mhakiki hutazama kazi, na kazi yasema yenyewe. Katika miaka ile Mnyaturu au Mmasai aliyepanda gari lililovutwa na injini yenye jina la watu wake, kwa kawaida alikaa katika behewa la daraja la tatu, juu ya ubao. Kama aliajiriwa na reli, kwa kawaida alishika sululu au koleo, na vyeo vya juu vilikuwa vya wengine. Jina la watu lilitangulia mbele ya gari. Watu wenyewe walikuwa nyuma.

Kutoka kwenye injini, wanafunzi wangu walikimbilia behewa moja dogo, na najua kuwa wageni wengi hufanya vivyo hivyo. Ni behewa alimouawa Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, katika stesheni ya Kima mwezi wa Juni 1900. Simba alikuwa amewatia hofu watu wa stesheni ile. Ryall, pamoja na wenzake wawili, Mjerumani na Mwitalia, alilala ndani ya behewa akimvizia mnyama. Zamu ilikuwa yake, lakini usingizi ulimshinda. Simba akaingia kwa mlango, akamuua, akatoka naye dirishani. Mtu akisimama mbele ya dirisha lile, hawezi kuzuia mwili wake kusisimka. Hadithi ni kamili: ina usiku, ina hatari, ina kosa dogo lililozaa msiba mkubwa. Ryall ana jina, ana behewa, na ana kaburi Nairobi ambalo maandishi yake yasimulia kifo chake.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Kifo cha Ryall kilikuwa cha kusikitisha, na yafaa kikumbukwe. Swali langu ni hili: mbona kifo kimoja kina behewa zima, na vifo vingine maelfu havina hata msumari?

Na tuhesabu kidogo. Kazi ya kutandika reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na Kisumu, ukingoni mwa ziwa, mwezi wa Desemba 1901. Ni safari ya karibu maili 580. Kwa kazi hiyo, watu karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Wengi wao hawakuuawa na simba. Waliuawa na homa ya malaria, na tumbo la kuhara damu, na ajali za kazi. Lakini homa haina manyoya wala kucha. Haipigwi picha, wala haitengenezewi sinema. Simba wawili wa Tsavo, waliouawa mwezi wa Desemba 1898, walipata kitabu mwaka 1907, wakapata sinema mwaka 1996, na ngozi zao zikauzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, ambako wamesimama hadi leo kana kwamba wako hai. Wanyama walioua wana nyumba, waliouawa hawana.

Kitabu hicho cha mwaka 1907 kiliandikwa na J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja la Tsavo na kuwapiga risasi simba wale. Nakipendekeza kwa kila mwanafunzi, kwa sababu msimulizi wake ni hodari, na kwa sababu nyingine kubwa kuliko hiyo. Humo Patterson amtaja Ungan Singh, jemadari wa Kisikh, aliyenyakuliwa usiku hemani mwake. Humo pia ahesabu Wahindi 28 walioliwa. Halafu, katika sentensi hiyo hiyo, aongeza kuwa Waafrika wengi waliliwa pia, ila hesabu yao haikuwekwa na serikali. Msomaji asiye makini atapita hapo kama apitaye kituo kidogo usiku, hana habari kuwa amekipita. Msomaji makini atasimama. Kwa Mzungu aliyekufa Kima tuna jina. Kwa Wahindi tuna jina moja moja, na waliobaki tuna idadi yao. Kwa Waafrika hatuna jina wala idadi. Hapo ndipo tunapoona kuwa ukimya nao una madaraja, la kwanza, la pili na la tatu, kama mabehewa ya zamani.

Tulipokuwa tukisimama karibu na behewa la Ryall, msichana mmoja katika wanafunzi wangu alinijia. Kwao ni upande wa Mariakani. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwalimu, nyumbani husema kuwa babu wa babu yangu alifyeka msitu mbele ya reli. Hapa yuko wapi?” Nilitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nilimwonyesha reli iliyo chini ya magurudumu. Akaitazama kwa adabu, akanishukuru, akaondoka. Nilijua kuwa jibu langu halikutosha. Chuma kile kilitoka ng'ambo. Hakikuwa babu yake.

Yamkini mtu atasema kuwa makumbusho huonyesha vitu, na kibarua hakuacha kitu. Kweli, hoja hii ina uzito. Injini haiozi upesi, sahani ya fedha haitupwi, behewa la afisa hutunzwa. Lakini panga la mfyekaji liliisha kwa kunolewa, hema la mfanyakazi lilioza, na mwili wake ulizikwa kando ya njia. Kila jumba la makumbusho ya mashine, liwe hapa au Ulaya, linasumbuliwa na ugonjwa huu: chuma huishi kuliko mkono uliokishika. Kwa hiyo si haki kuwalaumu watunzaji kwa kutoonyesha kitu kisichokuwapo.

Lakini hoja hiyo haimalizi neno. Kutokuwapo kwa kitu ni habari, na habari huweza kuandikwa. Sentensi ile ya Patterson, ikiandikwa kwa herufi kubwa katika ubao, ingaliweza kusimama mbele ya injini ya tani 250 na isionekane nyepesi. Tena, si kweli kuwa wafanyakazi hawakuacha kitu cho chote. Hekalu la Makindu ni alama waliyoiacha watu wa imani ya Ungan Singh katika njia ile ile waliyoijenga. Humo mgeni hapewi hadithi ya simba. Hupewa sahani ya chakula. Mimi nasema kuwa sahani ile ni ukumbusho wa reli sawasawa na vile vyombo vya fedha vya daraja la kwanza, na pengine unawazidi kwa ukarimu.

Tena wako wengine ambao mtazamaji wa injini huwasahau kwa urahisi, nao ni wale waliosema hapana. Wanandi walipigana na utawala wa Kiingereza tangu mwaka 1895. Reli na nyaya za simu zilipofika kwao walizichukua nyaya na misumari, wakazifanya mapambo na silaha. Mwezi wa Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na afisa wa Kiingereza katika mkutano ulioitwa wa amani. Katika taarifa za wakati ule watu hawa waliitwa wezi wa waya. Leo twawaita watetezi wa nchi. Waya ni ule ule. Jina limebadilika kwa sababu msimulizi amebadilika. Na baada ya miaka mingi, Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa bandari na reli mjini Mombasa waliweka zana chini kudai mshahara wa kumtosha mtu na watoto wake. Kuweka zana chini hakuachi chombo cha kuwekwa ndani ya kabati la kioo. Hata hivyo, ni tendo la reli sawa na kuwasha moto wa injini.

Nimeyasema haya si kwa kuidharau reli. Bila ya reli hapangekuwa na Nairobi tunayoijua, kwani mji ulianza kuwa kambi ya reli katika kinamasi. Bila ya reli pengine mwanafunzi wa Mombasa na mwanafunzi wa Kisumu wangalichelewa sana kujuana. Mtu asimwue mbuzi kwa kumchukia mwenye mbuzi. Lakini waliokwenda baharini wametuachia mausia yafaayo bara pia: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Hadithi ya reli, kama ilivyozoeleka kusimuliwa, ni hadithi ya manahodha: wahandisi, maafisa, wawindaji, na wageni mashuhuri kama Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye mwaka 1909 aliketi kwenye kiti mbele ya injini ili atazame wanyama. Mabaharia wake wamebaki chini, katika chumba cha moto.

Kwa hiyo, kijana msomaji, utakapokwenda kwenye makumbusho haya, na nakusihi uende, fanya mambo mawili ambayo mimi sikuyafanya mapema. Kwanza, usikimbilie behewa la simba. Anza na mambo madogo: taa iliyoshikwa mkononi, nati iliyokazwa, taruma lililobeba reli, na kwa kila kimoja uliza ni mkono gani uliokishika. Pili, usiyaache makumbusho njiani ukadhani kuwa yako Nairobi tu. Kama wasafiri kwa barabara, Taru, Tsavo, Makindu na Kima ni vyumba vya jumba hilo hilo, ila havina paa.

Neno letu lenyewe latupa funzo. Makumbusho hutokana na kukumbusha, na kukumbusha hutaka pande mbili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbuka. Jumba limefanya sehemu yake kwa kuzuia chuma kisiuzwe. Sehemu iliyobaki ni yetu. Jumba haliwezi kutukumbusha jina ambalo sisi wenyewe, waliolirithi, hatukulitunza.

Tuliporudi Mombasa niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kuandika juu ya safari ile. Wengi waliandika juu ya simba, na waliandika vizuri. Yule msichana wa Mariakani alileta ukurasa mmoja tu. Alikuwa amekwenda nyumbani, akakaa na bibi yake jioni mbili, akamwuliza. Juu ya ukurasa aliandika jina la babu wa babu yake, na jina la baba yake huyo, na kijiji alikotoka. Chini yake aliandika kazi yake: alifyeka msitu wa reli. Hakuandika zaidi, kwa kuwa bibi hakujua zaidi. Nilizoea kutoa alama kwa wingi wa maneno, lakini siku ile niliweka kalamu chini. Katika vyote nilivyoviona na kuvisoma juu ya reli, huo ulikuwa ukurasa wa kwanza uliojibu swali ambalo mimi, mwalimu wake, nililijibu kwa kuonyesha chuma.